Nyuma ya Goli la Kaskazini

Jumatano, tarehe 20 Novemba 2024, Sundus Talib Hamad alivaa glavu na kukaa golini kwa mara ya kwanza katika mechi ya mashindano ya vyuo. Alikuwa na umri wa miaka ishirini. Mpaka wiki moja kabla ya hapo alikuwa kiungo, na hakuwa amewahi kudaka mpira hata mazoezini.

Kocha mwenye akili timamu hambadilishi mchezaji namba wakati msimu umeshachanganya. Hufanya hivyo wakati wa likizo ya kiangazi, mechi za kirafiki zinapochezwa na makosa hayamuumizi mtu. Hillary, anayefundisha timu ya wanawake ya chuo kimoja cha kusini mwa London, analijua hilo kuliko wengi. Anasema hakuwa na njia nyingine. Kipa wake alikuwa hospitalini, na aliyemfikisha huko ni Sundus.

Sundus anasomea kupiga picha za eksirei. Anaishi Peckham, ghorofa ya nne katika majengo ya halmashauri, pamoja na wazazi wake na bibi yake mzaa mama. Mama yake, Mardhiya, anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Baba yake, Talib, anaendesha basi na hana habari na mpira. Bibi anaitwa Bi Mize, mzaliwa wa Wete, Pemba, aliyeletwa London wakati Sundus anaanza kutambaa, ili apatikane mtu wa kukaa na mtoto. Ni yeye aliyemlea.

Katika nyumba ile, mtu akiitwa hajibu "nini". Mwanamume anaitika "naam", mwanamke "abee". Sundus anaelewa kila linalosemwa nyumbani, lakini hujibu kwa Kiingereza, kama watoto wengi waliozaliwa hapa. "Abee" ndilo neno pekee la Kiswahili analolitamka bila lafudhi ya Peckham.

Bi Mize alimfundisha jambo jingine. Ukiitwa na mtu usiyemwona, usiitike mara ya kwanza. Wala ya pili. Binadamu ataita mara ya tatu, maana ana shida na wewe. Asiyekuwa binadamu hafiki ya tatu.

Bi Mize hasemi hivyo kumtisha mtoto. Anasema kwa sababu ya dada yake. Walikuwa wadogo, wametumwa kuokota karafuu zilizodondoka chini ya mikarafuu, na dada akaitwa kutoka upande ambao hapakuwa na mtu. Akaitika. Alirudi nyumbani wakati ule ule waliorudi wenzake, akala, akalala. Hakuugua. Ila tangu siku ile, ukimwita jina haitiki. Ukimgusa bega atakugeukia na kuzungumza nawe vizuri tu. Aliolewa, akazaa, akazeeka hivyo hivyo. Watoto wake walipomtaka walimvuta nguo.

Sundus alikuwa akiwahadithia wenzake shuleni kisa hicho kama kichekesho, na anasema hakuwahi kukiamini. Lakini mwili wake ulikuwa umeshajifunza. Mtu akimwita kutoka nyuma, alibaki kimya akisubiri, wala hakujua kwamba anasubiri.

Katika nafasi ya kiungo jambo hilo lilionekana kama uzembe. Mpira uko miguuni, mwenzake yuko huru nyuma yake na anamwita, yeye hageuki mpaka nafasi imeshapotea. Hillary, ambaye ni mtu wa Kapsabet na huongea naye Kiswahili akijua kabisa atajibiwa Kiingereza, alikuwa akimtania mbele ya wote.

"Wenzako wakikuita unangoja mpaka waandike barua?"

Wasichana walicheka, na Sundus alicheka nao.

Tarehe 13 Novemba ilipigwa kona. Sundus alirudi kusaidia ulinzi, akasimama mbele ya goli na mgongo wake kwa kipa. Kipa alikuwa Seema, msichana wa Tooting, ambaye wazazi wake walihamia hapa kutoka Kisumu. Seema alitoka golini kuufuata mpira na kuita jina la Sundus mara moja, kwa nguvu, akimtaka ampishe. Sundus hakupisha. Aliruka. Waligongana hewani, na Seema akaangukia bega. Mfupa wa mtulinga ulivunjika mahali pawili.

Sundus alikwenda kumwona hospitalini kesho yake, akavuta kiti karibu na kitanda na kuketi.

"Nilikuita," Seema alisema.

"Nilikusikia."

Hayo ndiyo maneno waliyozungumza juu ya ajali ile mpaka msimu ulipokwisha.

Hillary alitaka maelezo zaidi. Alimchukua Sundus uwanjani wakati hapana mazoezi, akamwambia kwamba amekuwa akidhani ana tatizo la masikio, na kama analo aseme, hakuna aibu. Sundus akamweleza sheria ya bibi yake. Alitegemea kuchekwa. Hillary hakucheka. Alisema hata kwao kuna mambo ambayo mtu hayafanyi na hawezi kukueleza ni kwa nini. Kisha akafikiri kama kocha.

"Sasa niambie. Mtu akiwa mbele yako, unamwona mdomo, utamwitika mara ya kwanza?"

Sundus alisema ndiyo.

"Basi enda usimame pale." Alionyesha goli la kaskazini. "Hapo nyuma yako hakuna mtu. Ni wavu na ua wa reli. Kila mwenye atakuita, utamwona."

Uwanja wa chuo hicho uko mwisho wa barabara isiyo na duka, ambapo basi hugeuza. Goli la kusini limetazamana na vyumba vya kubadilishia nguo, na huko ndiko wanakosimama watazamaji wachache wanaokuja. Goli la kaskazini limepakana na ukanda mwembamba wa majani ambao mtu akilala anauziba. Baada ya hapo kuna ua wa chuma mrefu kuliko mtu, mtaro, vichaka vya miiba, halafu reli. Hakuna njia ya miguu upande ule. Hakuna aliyewahi kukataza watu kusimama nyuma ya goli hilo, kwa sababu hakuna aliyewahi kutaka kusimama hapo.

Mpango wa Hillary ulifanya kazi. Sundus ni mrefu, miguu yake ni myepesi, na kwa kuwa alikuwa kiungo aliweza kuutuma mpira mbali na kwa usahihi. Mabeki walikuwa mbele yake. Walipomwita alitazama nyuso zao na kuitika papo hapo. Alifungwa mabao ya kijinga katika mechi mbili za kwanza, ya tatu hakufungwa. Rupinder, beki wa kati, anasema walianza kumwamini kabla ya Krismasi.

Sauti ilianza Januari.

Ilikuwa mechi ya nyumbani, kipindi cha pili, na Sundus alikuwa katika goli la kaskazini. Mpira ulikuwa mbali, upande wa wapinzani. Aliitwa jina lake kutoka nyuma. Anasema ilikuwa sauti ya mwanamke na haikuwa ya kupiga kelele. Ilikuwa kama ya mtu aliyesimama kwenye mlango wa jiko akimwita mtu aliyeko chumba cha pili. Iliita, ikanyamaza, ikaita tena. Hakuitika na hakugeuka. Mara ya tatu haikuja.

Alijiambia ni mtazamaji. Baada ya mechi, wakivua viatu, Rupinder akamwuliza kama mama yake huwa hachoki kuita.

Sundus alimwambia mama yuko kazini.

"Basi yule ni nani?" Rupinder aliuliza, na aliuliza kwa utani bado.

Hillary hurekodi kila mechi kwa kamera ndogo iliyofungwa juu ya mlingoti pembeni mwa uwanja. Katika video ya siku hiyo hasikiki mwanamke yeyote. Kuna upepo, kuna treni inayopita, kuna Hillary mwenyewe akigombana na refa. Lakini wakati ambao Sundus anasema aliitwa, wachezaji wote wanautazama mpira isipokuwa mmoja. Rupinder amegeuza kichwa na anatazama nyuma ya goli. Anageuka, anaacha, na baada ya kitambo anageuka tena.

Sundus alimweleza bibi yake jioni ile. Bi Mize alikuwa akichambua mchele kwenye sinia. Hakuuliza ilikuwa sauti gani wala ilisema nini. Aliuliza jambo moja.

"Uliitika?"

Sundus alisema hapana. Bi Mize alishukuru Mungu, akaendelea kuchambua, kisha akaisukuma sinia pembeni na kumwambia aondoke katika goli lile.

Hapo ndipo tatizo lilipojulikana kwa kila mtu katika nyumba ile, na halikubadilika mpaka mwisho. Kipa hawezi kusubiri aitwe mara tatu. Mpira haumngoji. Akiitwa na beki wake aitike na atoke papo hapo, la sivyo timu inafungwa au mtu mwingine anavunjika mfupa. Lakini sasa, kila alipoitwa, Sundus ilimbidi aamue kabla hata ya kuvuta pumzi kama aliyemwita ni mwenzake. Akikosea kwa kusita, goli linapotea. Akikosea kwa kuitika, kwa maneno ya Bi Mize, atapotea yeye.

Mardhiya alitaka arudi kwenye namba yake ya zamani. Yeye hakuwa na hofu ya sauti. Aliona ni uchovu, baridi, na hadithi za mama yake ambazo alizisikia kabla ya Sundus kuzaliwa. Alichotaka ni amani nyumbani. Sundus alikataa. Timu haikuwa na kipa mwingine, ilikuwa karibu na mkia wa ligi, na ni yeye aliyemtoa Seema. Alimwambia mama yake kwamba goli lile hatamwachia mtu mpaka Seema apone.

Mechi mbili zilizofuata zilikuwa mbaya. Katika ya kwanza, Rupinder, akiwa amempa mgongo, aliurudisha mpira huku akimwita. Sundus hakuuona mdomo wake. Alisita, na mpira ukapita pembeni mwa mguu wake ukaingia wavuni taratibu, mbele ya watu wote. Katika ya pili alitoka golini amechelewa na kusababisha penalti. Baada ya kila mechi Rupinder alimwuliza kama amesikia tena. Wote wawili walikuwa wamesikia. Mara mbili, kila mara.

Hillary hakuwa na maoni juu ya sauti. Alikuwa na maoni juu ya penalti. Alikusanya timu na kutoa amri kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mtu kuita jina la Sundus uwanjani. Wamwite Kipa. Akisikia Kipa, ni mwenzake, aitike. Akisikia Sundus, aache.

"Hiyo si kazi ngumu," aliwaambia. "Hata mtoto wa nasari anaweza."

Ilikuwa amri nzuri. Walishinda ugenini, wakatoka sare nyumbani. Katika mechi ile ya nyumbani jina la Sundus liliitwa mara mbili kutoka nyuma, naye akaliacha lipite. Anasema alikaribia kuizoea sauti ile, kama mtu anavyozoea king'ora cha jirani.

Mwishoni mwa Februari, katika goli lile lile, aliitwa Kipa kutoka nyuma.

Aliitwa mara moja tu. Anasema neno lilitamkwa vibaya kidogo, polepole, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Hakuitika, lakini anakiri kwamba kinywa kilikuwa kimeshafunguka. Rupinder alitembea mpaka kwake, mpira ukiendelea kuchezwa, jambo ambalo beki wa kati hafanyi, akasimama karibu naye mpaka kipindi kikaisha.

Siku hiyo Mardhiya aliyasikiliza yote akila. Aliacha kula. Hakusema tena habari za uchovu.

Katika nyumba ya wazee anakofanya kazi kuna desturi ambayo wahudumu hufundishana wenyewe. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau huanza kumwita mumewe aliyekufa ikifika alasiri, akikitazama kiti kitupu. Dawa haisaidii na kumwambia ukweli ni ukatili. Wahudumu huenda wakakaa kwenye kile kiti. Hawasemi kitu wala hawajifanyi mume. Wanakaa tu, na mara nyingi mzee anatulia. Mardhiya amekaa katika viti vingi vya namna hiyo.

"Nitasimama mie nyuma ya goli," alisema. "Pakiwa na mtu, hapatakuwa na nafasi ya mwengine."

Bi Mize hakupinga. Aliona hata hilo halihitajiki, kwani Ramadhani ilikuwa inaingia Jumamosi ile. Mwezi wa Ramadhani mashetani wamefungwa minyororo, na mtu aliyelelewa na Bi Mize analijua hilo kabla ya kujua kusoma. Alimwita mjukuu wake, akamshika mkono.

"Mwezi huu usihesabu. Ukiitwa, itika. Hapana wa kukuita ila binadamu."

Sundus anasema alilala vizuri siku zile kuliko alivyolala tangu Januari. Alifunga, alikwenda darasani, alifanya mazoezi. Mechi ya kwanza ya Ramadhani ilikuwa ya ugenini na haikuwa na lolote. Ya pili ilikuwa tarehe 12 Machi, nyumbani, nayo ilikuwa ya mwisho ya msimu. Wakifungwa wanashuka daraja. Sare ingetosha.

Mardhiya alibadilishana zamu na mwenzake, akafika akiwa na koti refu juu ya sare ya kazini. Kipindi cha kwanza alikaa kwenye benchi. Cha pili, timu zilipobadilishana upande, alizunguka uwanja peke yake na kusimama nyuma ya goli la kaskazini, kati ya wavu na ua. Walikuwa wamekubaliana na binti yake kwamba hatafungua mdomo. Akimtaka kwa jambo lolote atasubiri mpaka refa apulize, kisha atazunguka mbele. Sundus aligeuka mara moja kumhakikisha, akamwona amesimama, mikono mifukoni, akamwinulia kidole gumba.

Matokeo yalikuwa bao moja kwa moja. Sundus anakumbuka kiu, na kwamba jua lilikuwa limeshuka nyuma ya nyumba za upande wa basi, na kwamba hakusikia kitu chochote kutoka nyuma kwa muda mrefu. Zikiwa zimebaki dakika chache wapinzani walipata kona. Wachezaji karibu wote walikusanyika mbele yake. Mpira ulipigwa juu, ukaanza kuteremka katikati ya vichwa.

"Sundus."

Ilikuwa sauti ya mama yake, karibu sana, nyuma ya sikio.

"Abee," Sundus alijibu.

Alijibu mara ya kwanza. Alikuwa ameambiwa mwezi huu asihesabu, na nyuma yake alikuwapo mtu anayemjua. Wakati huo huo alitoka, akapita juu ya mabega ya watu, akaudaka mpira kwa mikono miwili na kuanguka nao kifuani. Hillary ameitazama sehemu hiyo ya video mara nyingi. Anasema ni udakaji bora kuliko wowote alioufundisha, na kwamba Sundus alianza kutoka kabla mpira haujaonyesha unakokwenda.

Refa alipopuliza mwisho wasichana walimwangukia Sundus. Alijitoa kati yao, akaenda kwa mama yake na kumwuliza alikuwa anamwitia nini. Aliuliza kwa Kiingereza, akitabasamu.

Mardhiya alikuwa ameushika wavu kwa vidole.

"Sikukwita, mwanangu."

Sundus alifikiri anatania. Rupinder, aliyekuwa nyuma yake, hakufikiri hivyo. Kona ilipopigwa yeye alikuwa akimlinda mshambuliaji kwenye nguzo ya karibu, na aliposikia jina aligeuza kichwa, kama alivyozoea. Alimwona Mardhiya kwa mbele. Anasema midomo yake ilikuwa imefumbwa wakati sauti bado inasikika.

Mardhiya mwenyewe aliisikia. Anaeleza jambo hilo kwa utulivu wa mtu aliyezoea kuandika taarifa za zamu. Ilikuwa sauti yake, anasema, hana shaka nayo, na haikutoka nyuma yake kwenye ua. Ilitoka mbele yake, ndani ya wavu, kati yake na mtoto.

Walifuturu pamoja jioni ile. Bi Mize aliuliza matokeo, akaambiwa ni sare, akafurahi. Halafu akaambiwa mengine. Akasema Ramadhani ni Ramadhani. Hajaongeza neno juu ya hilo mpaka leo.

Sauti haijasikika tena, na Sundus hana malalamiko yoyote. Anakula, analala, amefaulu mitihani ya mwaka. Ukikaa naye mezani ni mzungumzaji mzuri, mwepesi wa kucheka, na anakutazama usoni. Lakini mara ya kwanza mama yake alipomwita kutoka jikoni baada ya Idi, hakuitika. Mardhiya aliita tena, na tena. Alimkuta chumbani amekaa kitandani akisoma, bila kitu masikioni. Alipomgusa bega aligeuka na kuuliza kuna nini.

Wamempeleka kupimwa. Masikio yake hayana kasoro. Anasikia mluzi mwembamba ambao watu wa umri wake huanza kuupoteza. Yeye mwenyewe anasema hana shida ya kusikia.

"Nasikia jina," anasema. "Ila nahisi anaitwa mtu mwingine."

Hillary haoni hasara. Kipa wake hahitaji tena kuitwa. Katika mechi za kirafiki za Septemba alitoka golini kila alipotakiwa kutoka, kabla beki yeyote hajafungua mdomo, na mabeki wameacha kuita. Wanacheza kimya. Timu zinazokuja kucheza nao huuliza kama ni mbinu, na Hillary huwaambia ndiyo.

Seema amepona. Alirudi mwezi huo huo wa Septemba, na Hillary alimwambia goli ni lake akilitaka. Alifanya mazoezi siku moja. Wakati wa mapumziko Sundus alikuwa amesimama peke yake katika goli la kaskazini, mgongo kwa wenzake, na Seema alikwenda kumpa maji. Alimwita kutoka nyuma. Alimwita mara tatu.

"Akasema 'abee'," Seema anasimulia. "Lakini hakugeuka. Alikuwa anatazama kwenye ua, kama mimi niko huko."

Siku ya pili alimwomba Hillary ampe namba nyingine. Sasa ni beki wa kulia.

Msimu mpya unaanza Jumatano ijayo, saa nane mchana, nyumbani. Sundus atakaa golini. Mardhiya ameshabadilishana zamu na atasimama nyuma ya goli la kaskazini katika kipindi cha pili, na amekubaliana na kocha kwamba safari hii ataita, mpaka binti yake ageuke.